Ufa Nyuma ya Jiko la Mama Kulthumu

Maisara Almasi hakuwa mtu wa kukaa. Akikaa kitini, goti lake la kulia huanza kutikisika mpaka vikombe vinalia mezani, na walimu wenzake humwambia, "Madame, wende utembee kidogo, utatuvunjia vyombo." Alikuwa na miaka thelathini na tisa, akifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari ya Nyalukemba, mjini Bukavu, na hadithi zake zote alizitunga kwa miguu. Alipanda kutoka ziwani hadi Kadutu akiinong'oneza simu yake, na wapita njia walidhani anagombana na mume. Mume hakuwa naye. Alikuwa na mwaka wa elfu mbili mia moja na arobaini kichwani.

Alianza utotoni. Baba yake, Muzee Almasi, alikuwa mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Uvira, na kabla ya Uvira wazee wake walitoka pwani. Karatasi ngumu zilizokuja ndani ya majora ya vitenge alimpa binti yake achorechore. Maisara aliandika humo habari za vyombo vinavyoruka juu ya ziwa. Siku moja baba alisoma ukurasa mzima kati ya wateja wawili, akauliza, "Hiki chuma kinaruka na nini?"

"Na gesi ya ziwa, baba."

"Sawa. Na nani anakipanda? Chombo bila abiria si biashara."

Toka siku hiyo hakuandika tena chombo bila kuandika nani yumo ndani, ametoka kwa nani na amebeba nini.

Ujuzi huo haukumsaidia haraka. Wachapishaji wa Kinshasa walimjibu baada ya miaka miwili kwamba nchi hii haina wasomaji wa mambo ya nyota. Mchapishaji mmoja wa Ulaya alisifu lugha yake, kisha akauliza mbona katika Bukavu yake ya kesho hakuna watu wanaokimbia vita. Maisara alimwandikia kwamba watu wamechoka, kule nyumba zinakimbia zenyewe. Hakujibiwa. Mwishowe akachapa mwenyewe kijitabu cha hadithi sita, akakiuza kutoka mkobani, shule kwa shule, parokia kwa parokia, mpaka kikamfikia Firmin, mtangazaji wa redio ndogo ya mtaani.

"Madame Maisara," Firmin alimwambia, "vitabu batu habasomi, ni kweli. Lakini redio iko inalia mu kila jiko. Kuya usome. Samedi, saa tisa. Na usome na Kiswahili yetu ya hapa, si ya mu kitabu."

Hivyo ndivyo Nyumba Zenye Miguu ilivyoanza, kila Jumamosi. Mwaka wa elfu mbili mia moja na arobaini, madini ya Kivu hayatoki tena Kivu. Mafundi wa Kadutu wameyafua wakaipa kila nyumba miguu minne. Mvua kubwa ikikaribia, nyumba za kilima cha Cimpunda zinasimama na watu wake ndani, sufuria jikoni, nguo kwenye kamba, zinashuka kwa mstari mpaka Mumosho, zinakaa kando ya mto Ruzizi hadi kilima kikauke, kisha zinarudi. Sokoni wauzaji wa mboga za lengalenga walinyamaza saa tisa ilipofika. Wenye pikipiki waliegesha. Mwanamke mmoja alimsimamisha Maisara barabarani akitaka kujua kama wapangaji nao watapewa miguu, au ni wenye nyumba tu.

Alikuwa amengojea miaka ishirini kuulizwa swali kama hilo. Lakini wiki hizohizo usingizi ulikuwa umemkimbia.

Mama yake, Mama Kulthumu, aliishi bado katika nyumba ya familia huko Cimpunda, upande wa bomba la maji. Upande wa pili wa kilima, penye msalaba mkubwa wa Wakatoliki, zilikuwa nyumba nyingine zilizobanana vilevile. Mwezi wa nane Maisara aliona ufa nyuma ya jiko la mama. Mwezi wa tisa mkono wake uliingia ndani hadi kiwiko. Jirani yao, Muzee Stanislas, fundi mwashi aliyestaafu, aliuziba kwa sementi akapiga na lipu juu yake, nadhifu kabisa. Baada ya siku kumi na mbili ulifunguka tena, na chini yake ukazaliwa wa pili. Maisara aliyekuwa akiwachorea wanafunzi miteremko ubaoni alijua anachokitazama.

"Mama, twende ukae kwangu Nyalukemba."

"Udongo wa Cimpunda unapasuka tangu ukoloni," alisema Mama Kulthumu, akiendelea kuchambua mchele.

Ikafika sehemu ya tisa, ile ambamo kilima kinaanguka. Maisara alitembea siku tatu na sehemu hiyo. Kila alipofika kwenye bomba, alirudi mwanzo. Hakuweza kulisema jiko la mama yake na udongo juu yake. Basi akayahamisha maporomoko. Jumamosi alisoma kwa sauti imara kwamba kilima kimeanguka upande wa msalaba, nyumba moja ilikataa kunyanyuka, na bibi aliyekuwa ndani hakuonekana tena.

Jumatano iliyofuata chef, mkuu wa mtaa, alimwita. Ofisini kwake palikuwa na benchi moja na watu kumi na watano.

"Madame, familia kumi na moja zimehama kule kwa musalaba," alisema chef. "Maman Eulalie, ule mujane anauzaka fufu, amefunga nyumba, amekwenda Mumosho na magodoro. Sasa uniambie. Wewe ni nabii, prophète?"

"Hapana, chef. Mimi ni mwalimu wa jiografia."

Chef aligeukia benchi. "Ile ni mubaya zaidi," alisema.

Watu wa kwenye benchi walicheka. Maisara hakucheka. Alitoka pale na miguu yake ikampeleka yenyewe, akazunguka Kadutu yote, akapita mahali pamoja mara tatu. Watu walikuwa wamekimbia mahali pasipopasuka. Na pale palipopasuka, mama yake alikuwa anapika.

Alipanda Cimpunda, akamkuta mama uani, akamweleza yote. Aliona nini, aliandika nini, na kwa nini.

"Kwa hiyo umewafukuza watu wa msalaba kwa ajili yangu," alisema Mama Kulthumu.

"Mama, tuhame leo."

"Nihame mimi peke yangu? Hapa nyuma yangu kuna Muzee Stanislas. Kuna yule mama wa mapacha. Kama ni kweli, usininong'oneze mimi. Panda kwenye redio yako useme."

Akapanda. Jumamosi hiyo hakufungua karatasi. Alisema, "Leo hakuna hadithi. Mimi ni Maisara binti Almasi, ninafundisha jiografia. Nilichosoma kuhusu msalaba nilikitunga. Ufa wa kweli uko upande wa bomba, unaongezeka kila wiki, na mvua ziko njiani. Ninawaomba watu wa bomba wahame." Alitaja upana wa ufa. Alitaja siku alizoupima.

Firmin, nyuma ya kioo, alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha. Simu zilianza kuingia kabla hajamaliza. Mtu wa kwanza aliuliza, "Huyu mwalimu mupya wa mu hadithi, atakufa ao atapona?" Wa pili alisema sehemu hii imemfurahisha kuliko zote, ni kama kweli kabisa. Wa tatu alitaka nyumba zirudi haraka.

"Firmin, waambie si hadithi!"

"Nimebaambia, madame. Banacheka. Banasema unajua kazi."

Maisara aliingia nyumba kwa nyumba upande wa bomba Jumapili nzima. Walimpa viti, walimpa chai, walimuuliza kuhusu miguu minne. Muzee Stanislas alimwongoza hadi kwenye ukuta wake mwenyewe, akaupiga kofi kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni. "Huu nilijenga mwaka wa soixante-dix-neuf, sabini na tisa. Umeona matetemeko ngapi? Mi si mutu wa redio, mutoto yangu. Mi ni mutu wa mawe."

Jioni aliketi karibu na mama yake, na kwa mara ya kwanza goti lake lilitulia, kwa sababu lilikuwa limechoka.

"Nikisema kweli wanacheka," alisema Maisara. "Nikitunga wanahama. Nifanye nini?"

Mama Kulthumu alifikiri. Alikuwa mke wa mchuuzi miaka arobaini na miwili, na aliwajua wateja. "Kama wanakuamini dukani kwa uongo, basi ukweli upeleke uuzwe dukani humohumo. Na jina langu uliweke. Wasije wakasema ni mama wa mtu mwingine."

Ilikuwa sehemu ngumu kuliko zote alizowahi kutunga. Alilia akiwa njiani, watoto wa shule wakampisha. Katika sehemu hiyo, Mama Kulthumu wa mwaka wa elfu mbili mia moja na arobaini anaiamuru nyumba yake isimame. Nyumba inajitahidi, inakoroma, lakini miguu imezama katika ufa ulio nyuma ya jiko, karibu na bomba. Mama anaizima taa. Anaweka sufuria kichwani. Anatoka kwa miguu yake mwenyewe, miwili, aliyozaliwa nayo, na anapita mlango kwa mlango akiita majirani kwa majina. Nyuma yake udongo unakuja.

Jumamosi saa tisa aliisoma. Saa tisa na nusu, Mama Kulthumu aliyekuwa akisikiliza jikoni kwake alizima redio, akaweka sufuria kichwani, akatoka nje. Hakuna aliyekuwa amepanga hilo. Alipita mlango kwa mlango akiita. Mama wa mapacha ndiye aliyemfuata wa kwanza, akiwa bado na unga mikononi. Kufikia Jumanne nyumba tisa zilikuwa tupu, na watu wake wamesambaa kwa ndugu, kwa marafiki, na katika ukumbi wa parokia, Mama Kulthumu kwa binti yake Nyalukemba.

Muzee Stanislas alibaki. Mama Kulthumu alimwendea mara mbili. Mara ya pili alimpa kikombe cha chai, akarudi peke yake.

Mvua ilinyesha Alhamisi, saa nne asubuhi. Maisara alikuwa darasani akifundisha habari za mito. Sauti ya mvua juu ya mabati ilizidi yake, akaacha kusema, chaki mkononi. Kisha simu ya mwanafunzi mmoja ikalia, nyingine ikalia, na msichana wa benchi la mbele akasema polepole, "Madame, ni Cimpunda."

Alikimbia. Pikipiki ilimfikisha hadi barabara ilipokatika, akaendelea kwa miguu kwenye matope. Upande wa bomba ulikuwa umeshuka. Mahali pa jiko la mama yake palikuwa udongo mwekundu, laini, kama pamelimwa. Nyumba kumi hazikuwepo. Watu wa nyumba tisa walisimama kwenye mvua wakiangalia, na mama wa mapacha alikuwa akiwahesabu watoto wake wawili tena na tena. Vijana wa mtaa walichimba kwa majembe na sahani hadi saa tisa mchana. Walimkuta Muzee Stanislas.

Alizikwa Jumamosi. Binti yake Chancelle alimsalimia kila mtu aliyekuja msibani, lakini mkono wa Maisara aliugusa kwa ncha za vidole tu. Saa tisa redio ilipiga muziki.

Sasa watu walianza kuja. Walimngojea nje ya geti la shule, walimtumia picha za kuta zao zilizopasuka. Wengine walimwita mtumishi wa Mungu, wengine mchawi, na wote walitaka kitu kimoja: wapi kutafuata. Barua ilikuja pia, mchapishaji wa Kinshasa alikuwa amesikia habari na alitaka kitabu kizima. Maisara aliisoma akiwa amesimama. Aliiweka mfukoni, akaitoa, akaiweka tena.

Siku ya kumi baada ya mazishi alikuja Maman Eulalie shuleni. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa uso, na amefunga kitenge kama mtu wa safari.

"Nilisikia ni kwa bomba kulianguka," alisema. "Kwangu kwa musalaba iko muzima. Mabati tu bameiba."

Maisara hakutafuta maneno mazuri. "Maman, nilijua ni bomba. Niliona ufa. Ni mama yangu alikuwa pale, nikaogopa kumuua katika hadithi. Nikaweka kwenu."

Wanafunzi walipita kati yao wakitoka darasani, na kila mmoja alisema "Bonjour madame," na Maisara alijibu kila mmoja.

"Ukaweka kwetu," alisema Maman Eulalie mwishowe.

"Ndiyo."

"Mi niko na batoto watano. Nililala nabo ku sakafu ya watu mwezi muzima." Alijifunga kitenge upya, kwa nguvu. "Sasa niko na maharagi Mumosho, inaota. Nirudi kwa musalaba ao nisirudi? Sema."

"Sijui, maman."

"Ya miaka mia moja unajua. Ya kesho haujui?"

Maisara alichukua kamba na vigingi kutoka kabati la jiografia, wakapanda pamoja hadi msalabani. Walipima kwa saa tatu. Maman Eulalie alishika upande mmoja wa kamba, Maisara upande mwingine, wakapita nyuma ya kila nyumba iliyofungwa. Hawakuona ufa. Waliona maji yakitoka chini ya jiwe mahali ambapo, Maman Eulalie alisema, hapakuwa na maji mwaka jana.

"Maji haya siyapendi," alisema Maisara. "Lakini siwezi kuapa. Nitakuja kuyatazama kila wiki. Nitakuambia nilichoona, si nilichotunga."

"Na hawa bengine? Bale familia kumi?"

"Nitawaendea."

"Wote?"

"Wote."

Maman Eulalie aliingia katika nyumba yake isiyo na mabati, akatoka na picha ya Bikira Maria iliyolowa na kinu cha kutwangia. Picha aliifunga kwenye kitenge. Kinu kilikuwa kizito, akakikabidhi kwa Maisara bila kuuliza, akatangulia kushuka kuelekea kituo cha pikipiki za Mumosho.

"Maharagi nitavuna kwanza," alisema bila kugeuka. "Kisha nitaona. Si wewe utanisemea."

Pikipiki ilipoondoka, kinu kikiwa katikati yake na dereva, Maman Eulalie hakumuaga. Maisara alitoa daftari, akaandika majina ya familia kumi, na mbele ya kila jina mahali walipokimbilia, kama Maman Eulalie alivyomtajia njiani. Familia ya kwanza ilikuwa imekimbilia mtaa wa Panzi. Bado kulikuwa na jua, akaanza kushuka.