Kiti cha Breege

Kwa miaka thelathini na moja Breege alikaa nyuma ya pazia, kitabu mapajani, akiwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau. Kundi lao la parokia halikumlipa mtu. Walikuwa wafugaji, mwalimu mmoja, na Malachy muuza nyama, ambaye hakuna mchezo aliowahi kuushika wote kichwani.

Mwaka huu Breege alitaka kuondoka. Bintiye Orla alikuwa amemwekea chumba kule mjini Cork. Lakini wenzake walikuwa wameshabeba meza yake, saa yake ya ukutani na kiti chake kikubwa kupamba jukwaa. Nyumbani alikuwa akinywa chai amekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Nataka kuhama," akawaambia mazoezini, wakati wa mapumziko.

"Uhame uende wapi, na sisi tuko hapa?" akasema Attracta, kiongozi wao, huku akimkatia keki. "Kula, dada. Umekonda."

"Orla ananingoja."

"Angoje mashindano yaishe. Tukishindwa Ijumaa, Jumamosi tunakubebea vyombo vyako mpaka mlangoni kwake. Tukishinda, fainali ni baada ya Pasaka. Wewe ndiye umetulea. Utatuachaje?"

Wote wakamtazama kwa mapenzi. Breege akaila keki.

Ijumaa wakaenda ukumbi wa mji wa jirani, wao kundi la mwisho kucheza. Katikati ya mchezo Malachy, aliyeigiza mume aliyefiwa na mkewe, akasimama mbele ya kile kiti kitupu. Akafungua mdomo. Halikutoka neno.

Breege alikuwa ameweka kidole juu ya neno lenyewe. Akafunga kitabu.

Ukumbi ukatulia tuli. Malachy akatupa jicho kwenye pazia, akalirudisha kwenye kiti. Machozi yakamtoka, ya woga wa kweli. Kisha, taratibu, akayaokota maneno mwenyewe mpaka mwisho.

Basi tumeshindwa, Breege akawaza, na moyoni akaanza kufunga mizigo.

Mwamuzi, bwana mwembamba, akapanda jukwaani na karatasi zake, kutoa maoni yake juu ya kila kundi mbele ya watu kama ilivyo desturi.

"Nimeamua michezo mingi," akasema. "Ule ukimya mbele ya kiti, sijapata kuona mfano wake. Kombe la leo ni lao."

Watu wakakumbatiana. Breege naye akakumbatiwa, wakampokezana mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Malachy akamvuta pembeni.

"Ulinyamaza makusudi."

"Makusudi."

"Nilidhani nakufa pale."

"Pole, Malachy."

Akamshika mkono, hakuuachia. "Fainali uninyamazie vilevile. Ila uwepo. Nisipojua uko nyuma ya pazia, mimi siwezi."

Breege akatafuta la kujibu. Hakukuwa na mtu wa kumnong'oneza.

Nje wafugaji walikuwa wakipakia kiti kwenye trela la ng'ombe, kirudi ukumbini kwao parokiani, si nyumbani kwake. Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Kifunikeni," akawaambia. "Kisilowe."