Kifuniko cha Pipa la Majivu

Hedi ya injini, kile kichwa cha chuma kinachoifunika juu, ilipopasuka, kikundi cha kusaga mahindi cha Bumula kilifanya kile ambacho kikundi chochote chenye katiba hufanya: kiliunda kamati. Kamati iliipeleka hedi hiyo Bungoma mjini kwa fundi wa malango na madirisha, naye akaichomelea kwa vijiti vilevile vya kuchomelea malango. Ikadumu siku mbili. Sasa mkutano wa Ijumaa ungeamua kama injini nzima iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nelima, aliyeiendesha kwa miaka kumi na mmoja na aliyejua hali yake kwa mlio tu, aliomba nafasi ya mwisho. Alikuwa amesikia habari za Kipkosgei, fundi wa Kitale mwenye kibanda karibu na Kipsongo, anayekielewa chuma cha kumimina.

Alipewa nafasi hiyo. Pamoja nayo akapewa kamati.

Jumatano asubuhi Kipkosgei aliipasha hedi moto juu ya makaa, polepole, kisha akachomelea mshono mfupi usiozidi urefu wa kidole gumba. Akaugongagonga kwa nyundo ndogo, akangoja, akachomelea mwingine. Ilipofika saa tano ufa wote ulikuwa umezibwa. Akaizika hedi ndani ya pipa la majivu ya moto, akafunika.

"Kesho saa nne," alisema. "Hii chuma ikipoa haraka inajivuta, inapasuka kando ya mshono. Mtu asifungue."

Nelima alielewa. Mwenyekiti Wabwile naye alielewa, ila kwa namna ya wenyeviti.

"Fundi, si sisi tumetoka Bumula? Tukirudi tuambie watu tumeona nini? Pipa?"

"Waambie mmeona pipa, mzee."

"Katiba inasema kamati ikague kazi. Joan, soma hapo."

Joan, mweka hazina, akasoma. Katiba ilisema hivyo.

"Mwenyekiti, mimi nitalala kwa dada yangu Kiminini," Nelima akasema. "Kesho nitakagua kwa niaba yenu."

"Wewe ni mfanyakazi, Mama. Ati mfanyakazi ajikague?"

Kipkosgei, aliyedhani neno lake limetosha, akaenda kunywa chai. Wabwile akashika kifuniko. Nelima akakishika upande wa pili, na Joan akamwondoa mkono kwa upole wa kanisani. Hedi ikafukuliwa kwa koleo, ikapepewa majivu kwa kofia ya mwenyekiti na, kwa kuwa kamati hiyo haikagui kitu bila maombi, vichwa vikainama. Maombi yaligusa mvua, wagonjwa na serikali ya kaunti. Upepo ulikuwa wa baridi, kama ulivyo Kitale karibu kila siku. Kabla ya amina chuma kilitoa mlio mdogo, mfano wa ukucha unaokatwa.

Wabwile aliinama, akauona ufa mpya.

"Mnaona sasa? Kazi yenyewe ni mbaya. Ni vizuri tumekagua."

Kipkosgei aliporudi aliutazama ufa, akaitazama kofia iliyojaa majivu, kisha akahesabu vijiti vyake.

"Vijiti vya chuma hii vimebaki vinne," alimwambia Nelima. "Vinatosha mara moja tu."

"Anza tena, fundi."

"Na hawa?"

"Hawa wameshakagua."

Hoja hiyo haikupingika, maana katiba haikudai ukaguzi wa pili. Joan akaandika kwamba kamati imetimiza wajibu wake, na kamati ikaenda zake. Kazi ikarudiwa tangu makaani. Pipa lilipofunikwa, Nelima alikalia kifuniko mpaka kibanda kikafungwa kwa kufuli, na alfajiri akawa mlangoni kabla ya mwenye ufunguo, akakikalia tena. Saa nne ilipofika, Kipkosgei alinyoosha mkono. Nelima hakuinuka.

"Mama, mimi ndiye fundi, bana."

"Najua. Saa sita."

Ijumaa injini ilifungwa hedi yake, ikajazwa maji. Haikuvuja hata tone. Kabla haijawashwa, Wabwile alisimama mbele ya mkutano akaeleza jinsi usimamizi wa karibu wa kamati ulivyoiokoa mali ya kikundi, na akapendekeza kwamba siku zijazo msafara wa ukaguzi uwe wa watu wanane. Mkutano ukaunga mkono. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza hoja ya pili Nelima alipozungusha mkono wa injini. Iliwaka mara ya kwanza. Akaisikiliza kidogo, akaridhika na mlio wake, akaiongeza kasi mpaka mwisho, na hoja ya pili haikusikika.