Minong'ono ya Chumba cha Cherehani

Tangu kitindamimba wangu atoke hospitali ya magonjwa ya akili, mkwe wangu akawa hamalizi kufagia. Akifika karibu na pazia la chumba cha cherehani, ufagio unanyamaza. Mle ndani mimi na binti yangu huyo tulikuwa tukinong'ona, na yeye nje katega masikio.

"Wananisema," alimwambia mumewe, mwanangu mkubwa. "Cherehani inasimama, wananong'ona, inaendelea. Wanaficha nini?"

Visu vya jikoni akavifungia kabatini chumbani kwake. Kukata kitunguu ikawa mpaka tuombe ruhusa.

"Sasa nyanya tutamenya kwa meno?" mwanangu akatania. Hakuna aliyecheka naye.

Ijumaa mkwe akatuita sebuleni.

"Mama, sikukosei adabu. Lakini wifi arudi hospitali, la sivyo mimi na wanangu tunahama. Siwezi kulala nyumba moja na watu wa siri."

Binti yangu alikuwa ameshika kola ya shati, sindano inaning'inia kwenye uzi. Nikamwona anageuza shingo kuelekea mlangoni. Akaniinamia sikioni kama kawaida yake, halafu akajizuia. Akasema kwa sauti:

"Wifi, kuna mtu anabisha hodi, au nasikia peke yangu?"

Mkwe akanikodolea macho. Nikafunga mdomo makusudi, maana aliulizwa yeye.

"Ndiyo mnayonong'ona hayo?"

"Ndiyo hayohayo. Dawa imezipunguza hizo sauti, haijazimaliza. Daktari alisema niulize mtu ninayemwamini. Nikiambiwa hakuna kitu, narudi kwenye kola yangu. Kukuuliza wewe nilikuwa naona haya."

Mkwe akainuka. Nikadhani anakwenda kufunga mizigo. Kumbe alikwenda mlangoni, akafungua, akachungulia huku na huku, mpaka nyuma ya pipa la maji. Akarudi, akashusha komeo.

"Hakuna mtu, wifi."

"Ahsante." Binti yangu akashusha pumzi, mabega yakalegea.

"Na hao wanaobisha, wanasemaje? Wananitaja?"

"Hawamtaji mtu. Wanabisha tu."

Mkwe akafikiri kidogo, mikono kiunoni.

"Basi ukiwasikia tena, niite hata kama nipo jikoni. Usimsumbue mama na magoti yake yale."

Akaondoka huku akinitupia jicho la pembeni, kama mtu asiyeamini kwamba siri yote ilikuwa hiyo tu.