Nguzo Waliyoikata

Wewe mwenye binti wa kuolewa, kabla hujakodi ukumbi wa klabu ya kijiji chetu, nisome kwanza.

Klabu ile zamani ilikuwa nyumba ya shamba ya kina Thirkettle. Kuta zake ni mbao za mwaloni zilizojazwa fito na udongo, dari fupi mpaka warefu wanainama, na ngazi inajipinda nyuma ya bomba kubwa la moshi la matofali. Chini ni baa, juu ni chumba kirefu cha dansi. Katikati ya baa palikuwa na nguzo iliyobeba boriti kuu, na boriti hiyo ndiyo iliyobeba sakafu ya juu. Wacheza biliadi waliichukia. Fimbo zao ziligonga pale, na timu za vijiji vingine zikawacheka.

Siku ya harusi ya binti yangu Lorna nilipanda juu kupanga keki. Mlango ukagoma, unakwaruza sakafu. Chungwa la kupambia meza likanidondoka, likabingirika lenyewe mpaka katikati ya chumba. Sakafu imebonyea! Nikashuka mbio.

Nguzo haipo!

"Cyril, mmeifanya nini nguzo?" Cyril ndiye mwenyekiti wa klabu.

"Tumeistaafisha, Doreen. Imesimama bure miaka mia tatu."

"Sasa nani kashika dari?"

"Mazoea," akadakia mmoja, wakaangua kicheko. "Kaa unywe, mama bibi harusi."

Nikamkimbilia Lorna. Akanikatiza hata sijamaliza. "Mama, hata leo? Jana mvua, juzi viatu, leo dari. Niache niolewe."

Nikashuka baa kuitazama dari. Wageni walipoanza ile dansi ya kushikana duara na kuruka wote pamoja, vumbi la chokaa likanyesha baa. Wale wanaume wakafunika glasi kwa viganja, wakaendelea na biliadi yao.

Nikajua maneno hayatanisaidia. Nikapanda tena, nikaibeba keki nzima kifuani.

"Keki inakatwa bustanini! Picha ya wote!"

Kwetu hakuna mgeni anayeiacha keki iende bila yeye. Wakanifuata, wengine wakinitukana kimyakimya. Nikipita baa nikamwambia Cyril mpiga picha anataka viongozi wa klabu mstari wa mbele. Akaweka fimbo chini, akachana nywele, akatoka na wenzake.

Lorna alikuwa wa mwisho. Nilimsikia ngazini, analia kwa hasira, "Umeniaibisha, Mama!" Kisha boriti ikapasuka kama bunduki. Sakafu yote ya dansi ikaanguka juu ya meza ya biliadi. Nikaitupa keki. Sikuona kitu ila vumbi mlangoni, nami naita jina lake, naita, naita.

Bomba la moshi halikutikisika, na ngazi imeliegemea hilo. Akatoka mweupe kichwa hadi miguu, kiatu kimoja.  Alinishika mkono mpaka kucha zikaingia nyamani.

Sasa Cyril anatangaza kwamba wanafungua tena. Mahali pa nguzo wataweka bomba jembamba la chuma, "ili fimbo zipite vizuri." Na mkwe wangu yumo kwenye timu ya biliadi, na Lorna ni mjamzito, na anasema atakwenda kumshangilia.

Nimemwomba asiende. Nakuomba na wewe. Kama ni lazima uingie, usipande juu kabla hujaangalia chini kuna nini kimebeba sakafu.