Ng'ombe wa Mughwai

Lori la Operesheni Vijiji lilinishusha na vyungu vyangu katika kijiji kipya upande wa Mtinko, mimi Raheli, mjane wa Kinyiramba, katikati ya Wanyaturu. Nisiseme uongo, hawakunifanyia ubaya. Walinisalimia vizuri, wakanisaidia kuezeka. Lakini msimu mzima wa mvua hakuna aliyekuja kwangu kuomba moto. Kila asubuhi wanawake walipita mlangoni na vigae vya makaa, wakitoka kwa huyu kwenda kwa yule, na moshi wangu wanauona. Mtu asiyeombwa moto hajawa jirani, ni mgeni tu aliyechelewa kuondoka. Iliniuma sana.

Jumapili tulicheza boche. Mchezo huo aliuacha fundi mmoja Mwitaliano aliyekuja kujenga kanisa, na balozi wetu Alute akaufanya mashindano ya nyumba kumi kumi. Hauna ugumu. Unatupa kimpira kidogo mbele, kisha kila upande unabingirisha mipira yake minne ya mbao, mkono chini, mguu usivuke mstari. Aliye karibu zaidi na kile kidogo ndiye mwenye pointi. Wa kwanza kufika kumi na mbili ameshinda. Ruhusa pia kuugonga mpira wa mwenzio ukausukuma mbali.

Hilo la mwisho wenzangu hawakulifanya kamwe. Wafugaji hawa kimpira walikiita ndama, na ile mikubwa ng'ombe, basi wakajifunga wenyewe. Ng'ombe wa mtu hapigwi, na kumfukuza mbele ya ndama ni aibu zaidi. Kwa hiyo walibingirisha polepole, kwa adabu, kama watu waliopeleka posa.

Mimi adabu hiyo nilidhani ni uzembe. Siku ya fainali tulikuwa kumi na moja kwa kumi na moja, mpira wa mwisho mkononi mwangu. Ng'ombe wa Mughwai alikuwa amemlalia ndama, na wetu mmoja yuko nyuma kidogo. Mughwai ni jirani yangu wa karibu kabisa, ila mpaka wa nyumba kumi ulipita kati yetu. Nikalenga, nikabingirisha kwa nguvu. Wa Mughwai akaenda kusimama kwenye shamba la uwele.

Hakuna aliyeshangilia. Hata wa upande wangu walitazama miguu yao.

"Sheria inaruhusu," Alute alisema taratibu. "Kina mama Raheli wameshinda."

Mughwai aliuokota mpira wake, akaufuta vumbi kwa kiganja, akaondoka. Nilirudi nyumbani kichwa chini. Nikajiambia, haya Raheli, sasa umejimaliza mwenyewe.

Asubuhi nilikuwa nakoroga uji nikasikia hodi. Ni Dina, mke wa Mughwai, na kigae mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Mume wangu amenituma. Anasema ukimpiga ng'ombe wa mtu, mwenyewe anakuja kwako kudai, na huwezi kumfukuza."

"Anadai nini?"

"Moto."

Nilimtazama nione kama ananicheka. Alikuwa anacheka kweli, lakini hakuwa ananicheka mimi.

"Siku zote tulitaka kuja, mama," alisema. "Ila kwetu mgeni ndiye anayeanza kuomba. Akiomba, tunajua amekaa. Wewe hukuomba, tukasema labda huyu anataka kurudi kwao."

Na mimi kwetu mwenyeji ndiye anayeanza! Mvua yote ile tumekaa tunangojana, kila mmoja na heshima zake. Nilishindwa kujizuia, nikalia na kucheka pamoja. Nikamjazia kigae mpaka makaa yakataka kudondoka.

Mlangoni aligeuka. "Jumapili ijayo mgonge na ng'ombe wa Cecilia, yule wa nyumba inayofuata yetu. Naye anatafuta sababu ya kuja."

Kesho yake niliamka mapema, nikamwagia maji jiko langu lililokuwa linawaka vizuri, nikachukua kigae, nikaenda kupiga hodi kwa Mughwai.