Wana Kumi na Mmoja wa Lushombo

Saa nne asubuhi, Jumanne moja ya Machi, Cécile alizihesabu kadi upya na kupata jibu lile lile: Lushombo, mtu wa kwanza kufyeka pori la Kabwira katika bonde la Ruzizi, alikuwa na wana kumi na mmoja. Nyumbani walikuwa wakitajwa wanne.

Kadi hizo ziliandikwa mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipoligawa bonde viwanja viwanja. Kila mkulima alipewa yake: jina, namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, kilima alikotoka, jina la baba. Sasa zilikuwa katika hifadhi ya nyaraka, Brussels, vituo vichache tu kutoka Evere alikoishi Cécile. Lushombo alikuwa babu yake. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa historia, na hadithi za jikoni hazikuwahi kumtosha.

Ni yeye aliyeleta balaa. Bienaimé, mtoto wa marehemu kaka yake, alimwomba amchoree ukoo kwa ajili ya harusi. Cécile akatafuta, akakuta kadi ya Bihembe, babu yake Mathilde, bibi harusi mtarajiwa. Penye jina la baba paliandikwa: Lushombo. Onésime, kaka yake mkubwa, ambaye ndiye angepeleka mahari, aliisoma nakala akairudisha mezani.

"Huyu mutoto ni dada yake Bienaimé. Donc hakuna ndoa."

"Yaya, ni karatasi moja tu," Cécile alimwambia kaka yake.

"Miaka yote unatuambia tuamini karatasi. Bon, nimeamini."

Baba yake Mathilde, Papa Jean-Marie wa Molenbeek, hakujua Bihembe, baba yake, alizaliwa na nani. Alifiwa na Bihembe akiwa mchanga, akakulia Bukavu kwa wajomba.

Ndipo Cécile akarudi hifadhini, safari hii akiisoma kila kadi ya Kabwira. Wana watatu wa Lushombo walizaliwa mwaka mmoja, kila mmoja kwenye kilima chake. Hilo lingeweza kuelezwa kwa wake wengi, ingawa wake hao hakuna aliyewahi kuwasikia. Lakini mwana mwingine, jina lake Kabeja, alikuwa amemzidi baba yake miaka sita. Makarani walikisia umri, Cécile alilijua hilo, ila hata karani mvivu hawezi kumtazama kijana akamwandika mkubwa kuliko baba yake. Mtu huyu alitamka mwenyewe jina la Lushombo. Kwa nini?

Jioni akampigia Onésime.

"Yaya, mahindi ya kwanza ya mavuno, nani walikuwa wanamuletea Babu?"

"Baba zetu wadogo. Walikuwa wanapanga foleni mpaka nje ya lango la lupango. Wote wanamuita Baba."

"Kabeja unamukumbuka?"

"Yule wa mguu mmoja? Sana. Alikuwa ananitisha na fimbo."

"Yeye na Babu, nani alikuwa mukubwa?"

Onésime alizima televisheni iliyokuwa ikisikika nyuma yake.

"Kabeja," alisema. "Alikuwa muzee kabisa. Meno hakuna."

"Na alikuwa anamuita Babu nani?"

"Baba." Akakohoa. "Alors, yule alimupatia shamba. Mwenye kukupa udongo njo baba yako, wote walikuwa wanasema vile. Mimi nilikuwa mutoto, nikajua ni ndugu."

"Na karani alipouliza baba ni nani?"

"Eh. Walimujibu jina la Babu."

Cécile hakushangilia. Desturi ilieleza kadi ya Kabeja. Ya Bihembe ilihitaji ushahidi wake. Wiki tatu baadaye aliupata katika jalada la vibarua wa barabara: mkataba wa mwaka 1946, Bihembe yule yule, namba ya kitambulisho ile ile, kabla hajakanyaga Kabwira. Baba: Mahano, wa kilima cha Rubanda. Aliupeleka kwa Onésime siku hiyo hiyo.

Onésime alivaa miwani. "Mahano ni nani? Mimi simujui."

"Hiyo njo habari njema, yaya."

Jumamosi ya pili ya Mei, Onésime na wazee wawili waliingia kwa Papa Jean-Marie na jembe jipya lililofungwa utepe, jembe la posa. Mathilde aliitwa, akaulizwa mbele ya wote kama lipokelewe. Alisema lipokelewe. Jean-Marie alilipokea kwa mikono miwili.