Kabla Lango Halijafungwa

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Jumamosi ya tatu ya Agosti, ncha ya ufito wa Bwana Burgert ilionekana juu ya ua wa jirani yetu. Ufito huo umepakwa rangi nyekundu na nyeupe, na kazi yake ni moja tu, kupima urefu wa ua. Chama chetu cha bustani hapa Kehl kinaruhusu mita moja na robo. Ukiuona ufito kwa jirani, jua wewe ndiye unayefuata.

Mimi nilikuwa nachuma maharage. Mke wangu, Roswitha, alikuwa amekaa chini ya mwavuli na rafiki yake Odile, ambaye huvuka daraja la mpakani kwa tramu kutoka Strasbourg, upande wa Wafaransa, kila Jumamosi. Nyuma yao, kati ya minyanya na ukuta wa kibanda, ilisimama mimea mitatu ya bangi. Minyanya ilinifika kifuani. Bangi ilinipita kichwa.

Hatukuificha kwa sababu hatukuona cha kuficha. Sheria ilikuwa imebadilika mwezi wa Aprili: mtu mzima aishiye Ujerumani anaruhusiwa kupanda mimea mitatu kwa matumizi yake mwenyewe. Roswitha hakuwa akipata usingizi mzuri tangu apasuliwe nyonga. Vidonge vilimtia kizunguzungu, na mara mbili alianguka bafuni. Daktari wetu hakutaka kumwandikia bangi, alisema vidonge vinatosha. Dada yake ndiye aliyemweleza habari za siagi iliyochemshwa pamoja na maua ya bangi, kijiko kimoja baada ya chakula cha jioni.

Nimefanya kazi ya kupima ardhi maisha yangu yote na huwa sianzi jambo kabla ya kulisoma. Kwa hiyo nilisoma. Tunakaa ghorofa ya tatu, na roshani yetu inatazama uwanja wa chekechea. Niliona sheria inawataja watoto mara nyingi. Nikahitimisha kwamba roshani haifai na bustani inafaa, kwa kuwa bustani ina uzio na lango, na lango lina kufuli.

Bustani si yetu. Tumeikodi kwa chama tangu binti yetu alipokuwa anajifunza kutembea. Mti wa plamu ulio pale kati tuliupanda ukiwa fimbo. Atendaye kosa la sheria ndani ya bustani hunyang'anywa mkataba, na wanaosubiri nafasi ni wengi.

"Shoga, ua moja tu," Odile alikuwa akisema. "La kutia kwenye chai. Kiuno changu nacho kina haki zake."

"Kiuno chako ni Mfaransa," Roswitha alimjibu. "Hapa hakina haki."

"Si ulisema mtu mzima yeyote anaweza kutembea na gramu ishirini na tano?"

"Anaweza. Ila hakuna mwenye ruhusa ya kukupa. Kupanda huwezi, huishi hapa. Klabu za wakulima wa bangi hazikupokei, huishi hapa. Na mimi nikikupa, hata bure, nimevunja sheria."

"Kwa hiyo naruhusiwa kuwa nayo, siruhusiwi kuipata."

"Ndivyo."

"Inidondokee kutoka mbinguni."

"Ikikudondokea usipande nayo tramu. Ukifika katikati ya daraja umeshakuwa mlanguzi."

Odile alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Ninyi mmehalalisha kama mwuza keki anayefunga mlango na kuacha keki dirishani."

Ndipo lango likalia. Bwana Burgert, mwenyekiti wa chama, aliingia na ufito wake. Nyuma yake alikuja Bi Seitz, mhazini, ambaye siku za ukaguzi ndiye huandika. Bwana Burgert alikuwa msajili wa mahakama kabla ya kustaafu. Watu hawamchukii, lakini akipita, mazungumzo hushuka sauti. Kwa miaka mingi alikuwa akitukuta na sentimita moja au mbili za ziada, na hakuwahi kutusamehe hata moja.

"Karibu, Bwana Burgert," nikasema. "Safari hii ua uko sawa."

"Ufito ndio husema, Bwana Henninger." Akausimamisha. "Umezidi sentimita mbili."

Bi Seitz alifungua kalamu. Bwana Burgert alimwonyesha kiganja asubiri, akavuta hewa puani, akageuka.

"Bi Henninger, hizo ni nyanya za aina gani?"

"Bangi," Roswitha alisema. "Mimea mitatu, kama sheria isemavyo."

"Naona ni mitatu. Kwenye hesabu hamna shida." Aliegemeza ufito kwenye plamu. "Bwana Henninger, huwa mnalala hapa?"

"Hapana." Kulala bustanini kumekatazwa na chama, na yeye ndiye aliyekuwa akitukumbusha kila mkutano.

"Hata usiku mmoja? Joto likizidi?"

"Hata mmoja," nilisema, na nadhani nilijidai kidogo.

"Basi hapa si nyumbani kwenu."

Sikuelewa mara moja. Roswitha alielewa. Nilimwona akishika mkono wa kiti.

"Sheria inaruhusu mimea mitatu nyumbani kwa mtu," Bwana Burgert alisema, kwa sauti ileile anayotumia kuwasomea watu kanuni za maji. "Nyumbani ni pale anapoishi. Bustani ambamo hairuhusiwi kulala si nyumbani kwa mtu yeyote."

Nilikuwa nimesoma kifungu cha idadi na vifungu vya watoto. Kifungu cha maana ya maneno nilikiruka, kwa sababu niliamini najua maana ya nyumbani.

"Na roshani?" nikauliza.

"Roshani ni nyumbani. Zuia watoto wasiifikie, basi. Chekechea inakuhusu ukitaka kuvuta mbele yake. Kupanda ni jambo jingine."

"Nilikwambia roshani!" Roswitha alinigeukia. "Nilikwambia mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara kumi! Wewe na kusoma kwako!"

"Msomi ameruka ukurasa," Odile alisema kwa upole, akajimiminia kahawa.

Bi Seitz alikuwa bado ameshika kalamu. "Niandike nini, Bwana Mwenyekiti? Ua, au hiyo mimea?"

Likiandikwa, jambo hilo lingekwenda kwenye kamati, na kutoka kamati kwenda kwa halmashauri ya mji, ambayo ndiyo yenye ardhi. Mkataba ungekwisha. Polisi nao wangeweza kuja, au wasije. Miezi minne baada ya sheria kuanza, hakuna aliyeweza kutuambia wangefanya nini.

Bwana Burgert alitazama lango. "Bi Seitz, limefungwa?"

"Liko wazi."

"Basi bado."

Kila mwanachama anaujua utaratibu huo, ingawa haumo kwenye kanuni. Kosa linalorekebishwa kabla wakaguzi hawajafunga lango nyuma yao haliandikwi. Uliwekwa kwa ajili ya mambo madogo, kama mpira wa maji uliotupwa njiani au tawi lililotoka nje ya uzio. Mimi mwenyewe nimekata ua kwa mkasi huku wakaguzi wakisubiri. Sijawahi kusikia umetumika kwa kitu kinachoweza kumfikisha mtu kwa hakimu.

"Tuihamishie roshani sasa hivi," Roswitha alisema. "Ni mitaa minne tu. Toroli lipo."

"Hapa hairuhusiwi," Bwana Burgert alisema. "Kule inaruhusiwa. Katikati kuna barabara, na barabara nayo si nyumbani kwa mtu."

"Sheria inasemaje juu ya barabara?" nikauliza.

"Barabarani inahesabu gramu za kitu kilichokaushwa. Mmea wenye mizizi, juu ya toroli, sijauona umeruhusiwa popote. Anayetaka kuwa wa kwanza kumuuliza hakimu, toroli lile pale."

Hakuna aliyelifuata toroli.

Roswitha aliitazama mimea. Maua yalikuwa yameshafunga na zilibaki wiki chache kuvuna. Najua alichokuwa akikipima, kwa sababu nilikuwa nimekisikia usiku baada ya usiku: hatua zake sebuleni, maji ya birika, kiti kikivutwa. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na plamu, maharage, na mahali pekee anapotembea bila fimbo.

"Usingizi nitautafuta kwingine," alisema. "Bustani siipati kwingine. Ekkehard, nipe mkasi."

"Nitafanya mimi."

"Nimeipanda mimi. Wewe leta sepetu."

Bwana Burgert alichukua ufito wake akarudi kwenye ua. "Ua huu sijaridhika nao," alisema. Akapima mwisho wa kushoto. Akapima mwisho wa kulia. Akazunguka akapima kwa upande wa njia.

"Bwana Mwenyekiti," Bi Seitz alisema, "kipimo tunacho tayari."

"Ardhi hapa ina mteremko. Lazima nipate wastani."

Ardhi ile haina mteremko. Niliipima mwenyewe.

Roswitha alikata, mimi nikang'oa mizizi. Tulikatakata kila kitu vipande vidogo na kukizika chini kabisa ya lundo la mboji, juu yake tukamwaga majani ya viazi na ndoo mbili za udongo, na maji, ili kisiwe kitu cha kumfaa mtu yeyote. Odile aliondoa viti njiani, lakini jani hakugusa hata moja. Alisema hataki kuwa mlanguzi kabla ya chakula cha mchana. Nilipomaliza, nilipunguza ua sentimita mbili.

Bwana Burgert alikuja akatazama udongo mtupu kati ya minyanya na kibanda. Alipima ua mara moja zaidi.

"Bustani namba kumi na nne," alisema. "Hakuna kosa."

"Hakuna kosa," Bi Seitz alirudia akiandika, kisha akakunja pua. "Na harufu?"

"Harufu haina urefu, Bi Seitz."

Wakatoka, na lango likafungwa.

Wiki iliyofuata alitukuta kwenye bomba la maji. Alimwambia Roswitha kwamba klabu za wakulima wa bangi zilikuwa zimeanza kupewa vibali, na kwamba klabu inaweza kumpa vipandikizi mtu mzima yeyote aliyeishi nchini miezi sita au zaidi, hata asiye mwanachama, mradi aende mwenyewe na kitambulisho; kipandikizi kisicho na maua hakihesabiwi kuwa bangi, hata barabarani.

"Si ungetuletea tu?" Roswitha alimuuliza.

"Nikikuletea ni kosa. Nikikupeleka kwa gari ni safari."

Majira ya baridi Roswitha alilala vibaya. Huo ndio ukweli, na shukrani haziufuti. Lakini mwezi wa Machi alichimbua udongo bustanini kama kila mwaka, na Aprili Bwana Burgert alimpeleka kwenye klabu ya mji jirani. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye gari akisoma gazeti mpaka mke wangu alipotoka na vipandikizi vitatu ndani ya boksi. Nilijenga kizuizi cha mbao kwenye roshani, na mlango wa kwenda huko nikaufunga kwa ufunguo ambao huwa mfukoni mwangu. Safari hii nilisoma kila ukurasa, na maana ya maneno nikaisoma kwanza.

Tulimpelekea Bwana Burgert jamu ya plamu. Aliirudisha: mwenyekiti hapokei zawadi msimu wa ukaguzi. Tukaipeleka tena msimu ulipokwisha, akaipokea mlangoni na kutuuliza kama sukari ilikuwa nusu kwa nusu. Bangi hatuwezi kumpa, wala hajawahi kuitaja. Kwa hiyo mimi huukata ua shubiri moja chini ya kipimo kabla hajafika. Kila akipima, huangalia alama, kisha huniangalia mimi. Hatujawahi kuzungumzia jambo hilo. Ninamshukuru mtu yule. Nimetafuta neno dogo kuliko hilo, linalomfaa zaidi mtu kama yeye, na sikulipata.

Mavuno ya roshani yalikuwa tayari mwishoni mwa Septemba. Roswitha alichemsha siagi mwenyewe na kuiweka kwenye kopo lenye kufuli, na kwa mara ya kwanza tangu upasuaji nililala usiku mzima bila kusikia birika.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba Odile alikula nasi chakula cha mchana, akavuta hewa ya roshani kupitia mlango uliofungwa, akasema, "Hata kunusa mnaninyima?" Roswitha alimpa alichoruhusiwa kumpa, nusu ya keki ya plamu iliyofungwa kwenye taulo la jikoni. Saa kumi na moja jioni alipanda tramu.

Saa kumi na mbili simu ya Roswitha ililia kwa ujumbe. Odile aliandika kwamba watu wa forodha walipanda tramu darajani, wakamwambia afungue kikapu, wakafungua taulo, wakanusa keki kwa zamu, wakamrudishia.

Ujumbe huo niliusoma mimi. Roswitha alikuwa ameshakula cha jioni na kulala kwenye kiti, kijiko cha siagi kikiwa bado mkononi.